Pindo la Vidole Vinne

Direkta alituita asubuhi, kabla ya kengele.
Tulikalia benchi la watoto, mimi na baba yake,
magoti yakikaribia videvu.
Mezani: daftari la Ansima,
lile nililolivika gazeti.
"Kitabu cha mwaka wa tatu alikimaliza kabla ya Noeli," akasema.
"Sasa anammaliza mwalimu."
Hakusema kwa furaha, wala kwa hasira;
alisema kama mtu anayesoma mita ya umeme.

Akatoa vidole vitatu.
Aruke wa nne, aangukie wa tano.
Au abaki na wenzake, na saa ya hesabu tu
apande darasa la juu, kisha ashuke.
Au akae hapo hapo, Mwalimu Byamungu
amtafutie mazoezi magumu ya pembeni,
"kama mtapata cha kumshika mkono mwisho wa mwezi."

"Aruke," akasema baba yake, kidole cha pili hakijakunjuka.
Mwaka ukirukwa, ni viatu vimerukwa,
ni makaratasi na michango imerukwa.
Kwao walizaliwa tisa, wakasoma wawili.
Simlaumu.

Lakini mimi ni fundi, Kadutu, mashine ya mguu,
na mwaka wa tano naujua kwa viuno.
Najua sketi gani zimeanza kubana,
nani alianza shule na miaka tisa kwa sababu ya kukimbia,
nani ananyoa ndevu mbili kwa siri.
Wangu ana minane. Meno ya mbele hayajarudi.
Kati yao angekuwa kifungo kilichodondoka sakafuni.

Na kubaki tu? Kubaki nako nimekuona.
Siku ile alijibu kabla swali halijaisha kuandikwa,
akasimamishwa kuutazama ukuta.
Alirudi nyumbani anang'aa:
"Matofali mia mbili kumi na sita, Mama!
Kumi na nane mara kumi na mbili.
Lakini pia sita mara sita mara sita.
Ule ukuta ungeweza kuwa boksi."
Nilicheka. Usiku sikulala.
Mtoto anayeifurahia adhabu
siku moja ataacha kuinua mkono.

Mvua ilipiga mabati, umeme hakuna,
ndipo nikakumbuka kwamba yeye hatujamuuliza.
"Nikihama," akasema, "Nsimire atakaa na nani?
Kukopa bado hajui.
Anakopa kumi kwa jirani, anasahau kumpunguzia."
Halafu, chini chini, kama anayeungama:
"Lakini nilisikiliza dirishani kwa wakubwa.
Waligawa moja kwa tatu, Mama, haikuisha.
Tatu, tatu, tatu, mpaka ubao ukaisha.
Ubao ndio uliokwisha. Tatu zilikuwa bado."

Tulichukua kidole cha kati.
Mpaka Pasaka, nikamwambia direkta, kisha tutapima tena.
Baba yake alitia sahihi kimya,
kalamu ikakaribia kutoboa karatasi.

Sijui. Kitambaa kikishakatwa kifupi
hakuna anayekirefusha kwa majuto.
Sketi yake mpya nimeikata kwa kiuno cha leo
nikaificha pindoni nafasi ya vidole vinne.

Saa nne mguu wangu husimama juu ya pedali:
sasa anapanda. Ngazi ishirini na tatu za mawe,
na kilima chetu kikilowa ni sabuni.
Siku ya kwanza mvulana mmoja aliuliza
nani amesahau mtoto wake darasani.
Wakacheka. Aliniambia akila maharage, bila kulia,
kisha akaniomba chaki yangu, ile bapa ya kushonea.

Ameandika sifuri, mkato, tatu,
tatu, tatu, kwenye saruji, kutoka kitandani
chini ya mashine mpaka kizingitini.
Chaki imekwisha.
Hapo sijapiga deki tangu Jumatatu.
Wateja wanaambiwa: ruka.