Mlango wa Kushoto

Uuinue kidogo kabla hujaufunga,
namwambia Lugembe, kijana wa Geita,
naye anahesabu noti juu ya boneti,
amezikandamiza kwa spana
upepo wa ziwa usizichukue.

Asubuhi kanyaga mafuta mara mbili, usubiri.
Usiitukane. Mlima wa Bugando itapanda,
ila uzime redio.

Sikumwambia habari za kiti cha nyuma:
foleni ya kivuko Busisi, mwaka themanini na nne,
mvua haioni mtu, Minza ameng'ata mkanda wangu,
na Kabula akatangulia kabla ya pantoni.
Doa lile nilisema ni mafuta ya sangara.

Akashusha bei kwa sababu ya doa.
Nikakubali.

Datsun ikateremka Mabatini ikikohoa,
kwenye kona honi ikajilia yenyewe,
ugonjwa wake wa siku zote.
Lugembe akaruka kitini.

Saa nane usiku mawingu yakaja toka Ukerewe.
Kioo cha dereva hakipandi, tangu lini sijui,
nimeshafika mlangoni, turubai begani,
Minza akauliza gizani:
"Unakwenda kumfunika nani?"