Faini ya Mia Mbili

Juu ya duka la nyavu na nyuzi, Mtaa wa Rufiji,
kuna chumba chenye viti kumi na vinne, kimoja kibovu,
na bango nililolikuta ukutani:
KIINGEREZA CHA KUONGEA, MIEZI MITATU TU.
Chini yake mwenye shule kaongeza kwa kalamu:
Mwalimu katoka nje.

Nje yenyewe ni Bukakata.
Ziwa hilihili, ukingo mwingine.
Kwetu tunaliita Nalubaale;
huku watu wanasema ziwa, basi,
kama mtoto asemavyo mama
bila kutaja jina.

Siku ya kwanza bibi mmoja alichungulia mlangoni,
akauliza mzungu yuko wapi.
Nikamwambia ndiye mimi.
Akacheka mpaka akashika kizingiti,
akalipa nusu ada.

Kiswahili nilikisikia kabla sijakijua:
sauti ya askari kizuizini, usiku, baba kanyamaza.
Shuka. Lala chini. Toa kitambulisho.
Sikujua kwamba ndani yake mna neno pole.
Sikujua kwamba mtu akijikwaa Mwanza
(na mawe hapa hayana haya, yanaketi hadi sebuleni)
mpita njia asiyehusika atampa pole
bila hata kupunguza mwendo.

Jumatatu ni matamshi.
Minza wa mapokezi hotelini anaweka l palipo na r,
nami ninayemsahihisha nimezaliwa na ugonjwa huohuo.
Tunatazamana.
Ulimi mmoja umelizunguka ziwa lote
na bango linaahidi lafudhi safi.

Sheria ya darasa ni moja:
neno la Kiswahili, mia mbili kwenye kopo.
Ng'washi, muuguzi wa Bugando, anaongoza kwa madeni.
Anadai hata kucheka kwake ni kwa Kiswahili.

Alhamisi ile mada ilikuwa familia.
Akasimama Luhende, mpima minofu kiwandani,
mikono imesuguliwa kwa sabuni
na sangara bado yumo.
Akasema, kwa Kiingereza, polepole, bila kutazama daftari:
mama yangu anaishi Ngudu.
Anafuga kuku.
Anapenda chai ya tangawizi.
Anasema nimekonda.

Darasa zima lilijua.
Karatasi ya rambirambi ilipita humu wiki tatu nyuma;
mimi mwenyewe niliandika elfu tano
na jina langu wakalikosea.

Nilikuwa na chaki mkononi.
Vitenzi vyote vinne vilikuwa vya leo.
Kazi yangu ndiyo hiyo, imo kwenye kibali, ukurasa wa pili,
na wakati uliopita tulikuwa tumeumaliza,
wenye kanuni na ule mkaidi usiofuata kanuni.
Luhende alipata kumi na nane kwa ishirini.
Alijua.

Feri ya Kamanga ikapiga honi.
Chaki ikanivunjikia.

Minza akanyoosha kidole, akauliza vizuri kabisa:
ticha, pole kwa Kiingereza inasemwaje?
Nikafungua kinywa.
Neno la kitabuni linamaanisha nimekukosea, nisamehe,
na hakuna aliyekuwa amemkosea Luhende.
Nikakifunga.

Ng'washi ndiye aliyeinuka.
Akaenda mezani, akatumbukiza sarafu:
Pole, kaka.
Akafuata Minza. Kisha yule bibi wa nusu ada.
Kijana wa makava ya simu hakuwa na kitu,
akakopa kwa jirani, akalipa, akasema.
Kopo likalia, moja, kimya, mbili tatu,
kama bati mvua inapojaribu.

Mweka hazina ni mimi, na sheria ni yangu.
Nikapekua pochi, nikapata mia tano.
Sikuchukua chenji.

Pole, nikasema,
na mpaka leo sijui kama nilitamka l au r.
Hakuna aliyenisahihisha.