Dola Tano

Jumba lenyewe ni bweni la mbao, refu kama behewa,
limepakwa upya rangi yake ya kijani,
na mlango wake hulalama kila uguswapo.
Bibi Haapala, funguo zikining'inia shingoni,
anatuomba tukung'ute theluji viatuni.
Ni Aprili. Huku Michigan kaskazini
Aprili bado ni jina tu.

Mwanangu Shukuru ameshaukimbilia mzani.
Ndio huohuo, asema bibi, uliowapima wavulana
siku waliposhuka kwenye lori kutoka Detroit,
mwaka wa thelathini na tatu, viwanda vimezima moto,
baba zao wamekaa jikoni wakitazama viganja.
Daftarini, kwa wino uliofifia:
Kubiak, Chester. Miaka kumi na minane. Ratili mia na tisa.
Chini yake, miezi mitatu baadaye:
mia thelathini na moja.
Sijawahi kusoma shairi la njaa
lililo fupi kuliko hilo.

Walilipwa? auliza Shukuru.
Ana miaka tisa; kila kitu kwake kina bei.
Dola thelathini kwa mwezi.
Ishirini na tano zilikwenda nyumbani moja kwa moja,
hazikupita hata mkononi.
Tano zikabaki: sabuni, tumbaku, stempu,
sinema ya Jumamosi mjini.

Nimesimama hapo kupita kiasi.
Bibi anadhani Kiingereza chake kimenipita,
anarudia polepole: ishirini na tano, nyumbani.
Nimeelewa, bibi. Nimeelewa tangu Ijumaa,
nilipokaa garini nje ya makao ya wazee
baada ya zamu ya usiku, harufu ya dawa ya choo vidoleni,
nikabonyeza namba ya siri,
na kule Muheza simu ya mama ikalia.
Ada ya Zubeda. Mabati ya jiko. Vidonge vya presha.
Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga;
hawakusema mkono uliojaa
unalambwa mpaka wapi.

Chini ya kioo kuna barua, penseli, mwandiko wa kulalia upande.
Mama yake Chester:
Hela imefika. Tumelipa deni la makaa.
Rose ana viatu, vya kwake mwenyewe.
Ufunike kifua.
Haulizi kama kazi anaipenda.
Mama yangu naye haulizi.

Ukutani mwa mwisho, baada ya mashoka na sururu,
picha moja imetundikwa chini kidogo kuliko zingine.
Vijana weusi, safu nne, kambi yao peke yao ng'ambo ya ziwa,
maana hata ukata ulikuwa na mlango wa nyuma.
Majina hayakuandikwa.
Wa tatu kutoka kushoto amefumba macho,
kamera ilimkuta akipepesa.
Huyu ni mjomba Sefu, anasema Shukuru,
na kweli, lile paji la uso, zile bega za kujihami.
Nikamwacha na mjomba wake.

Mlangoni kuna kisanduku. Kiingilio ni hiari.
Nina noti moja pochini, nimeikunja mara nne.

Nje, misonobari.
Msitu uliojiotea haujui mstari;
huu bado umesimama gwaride,
miaka tisini, unangoja kuitwa majina.
Ukiutazama kutoka hapa ni vurugu ya magogo,
ukisogea hatua moja tu
vichochoro vinafunguka, vyeupe, mpaka mwisho wa macho.
Mtu aliinama hapa. Akachimba, akatia mche, akaukanyagia udongo,
akapiga hatua mbili, akainama tena,
huku Rose, mbali, akifunga kamba za viatu.
Shukuru anakimbia akihesabu:
anapotea, anaonekana, anapotea.
Alipofika mia na tisa akachoka, akaita nimfuate.

Kisanduku sikukitilia kitu.
Ile noti ilinunua kakao ya moto kituo cha mafuta,
kikombe kimoja, kikubwa.
Yeye alikunywa. Mimi nilimalizia povu,
na chenji nikaitia mfuko wa koti,
upande usiotoboka.