Somo la Saa Nne, Soko la Jinja

Huefa, mke wa mwanangu, hunitumia maneno kwa simu,
mawili mawili, kama anayemlisha mgonjwa.
Nayaandika ubavuni mwa boksi la maembe
kwa kalamu ya bei, ile nyekundu.
Kwao Kotonu ni saa mbili, uji bado wa moto.
Kwangu ni saa nne, mabati yameanza kulia kwa jua
na Namukose wa meza ya pili anauliza kama ninasali.

Sisali. Ninasema *kpɛn*.
Ni papai tu. Lakini midomo ifunge, na koo lifunge,
kisha vyote vifunguke kwa pigo moja
kama kizibo cha soda.
Langu hutoka vipande viwili, *ki*, halafu *pe*,
na mtoto kule hucheka hadi simu ikakwaruza.

Mtoto huyo ni Dosu.
Maana yake, Huefa alinieleza, ni mvulana aliyefuata mapacha.
Siku ile niliweka kisu chini.
Sisi Wasoga aliyefuata mapacha ni Kiza.
Basi ana miaka minne, ana majina mawili yaliyo jina moja,
na bibi ambaye hajawahi kumfuta kamasi.
Mapacha wenyewe wako shule, wanataka Kifaransa.
Dosu ndiye aliyebaki na lugha ya mama yake,
na mimi ndiye niliyebaki na matunda.

Kiswahili hiki nilikipata kambini, baba akiwa sajenti.
Neno la kwanza lilikuwa *simama*.
La pili, *lala chini*.
Hadi leo nikikizungumza mezani
kuna wateja wazee wanaonyoosha mgongo bila kujua.
Sikuwahi kujua kwamba lugha yaweza kuanza na papai.

*Agɔnde*, nanasi. Hiyo o imepasuka upande mmoja,
nami huichora vizuri kuliko ninavyoitamka.
*Yovozɛn*, chungwa, na humo ndani kuna *yovo*, mzungu.
Nikachukua chungwa langu, la kijani, chachu, la Kamuli,
nikaligeuza huku na huku kumtafuta huyo mzungu.
*Kokwe*, ndizi.
Ndizi gani? nikauliza. Ya kupika? Ya kuchoma?
Ile ndogo tamu, au ile ndefu ya wagonjwa?
Huefa akanyamaza, kisha akasema, Mama,
leo tujifunze moja.

Jana zamu ikawa yangu.
Nikaelekeza simu kwenye fenesi, kilo kumi na nane,
limelala mezani kama mbuzi aliyeshiba.
Nikasema, hili mnaliitaje?
Huefa akasema hajui, atamuuliza shangazi yake.
Shangazi akasema aliliona mara moja, jina limempotea.
Nikajisikia vibaya, kama niliyeleta mgeni asiye na kiti.
Ndipo Dosu akasukuma uso hadi kioo kikajaa pua,
akatazama miiba, akatazama ukubwa,
akatoa hukumu:

*agɔnde ɖaxo*.

Nanasi kubwa.
Hakuna aliyembishia.

Leo mama mmoja wa Walukuba amekuja na mfuko,
akauliza hilo ni bei gani.
Nikasema, *agɔnde ɖaxo*, kipande elfu moja.
Akarudi nyuma hatua moja.
Hicho ni Kiswahili gani?
Si Kiswahili, ni cha mjukuu.
Akafikiri. Akachukua vipande viwili,
nami nikampaka mafuta viganjani
ili utomvu usimgande njiani.

*Kpɛn* bado inanishinda.
Namukose, yule aliyenicheka,
aliitamka mara ya kwanza, sawasawa,
huku akihesabu chenji ya mtu.