Safu ya Pili

Karani wa kinu cha pamba aliuliza,
"Unatoka wapi?" Babu akasema, Nyamilanda.
Kalamu ikateleza safu moja,
na Lubango mwana wa Shija akatoka pale
ana kibarua, na jina la kijiji.

Miaka themanini tumelivaa:
kwenye vyeti vya ubatizo, kwenye hati za mkopo,
kwenye msalaba wa baba, herufi moja imeng'oka.

Ofisi ya ardhi, Mwanza, droo ya chini kabisa.
Ramani inanuka popo.
Afisa anaburuza ukucha kando ya ziwa, anasimama.
"Hapa pana tundu la mende tu, ndugu."

Nikavuka Kamanga. Nikakodi pikipiki
hadi njia ilipokwisha kwenye magugumaji.
Bi Speciosa alikuwa akigeuza dagaa mchangani,
hakuinua uso.
"Nyamilanda? Imezama hiyo.
Maji yalipopanda watu walibeba milango,
makaburi wakayaacha."
Akanyoosha mkono uliojaa magamba:
"Kule, wanakotega sangara. Nyavu huwa zinanasa
mawe ya kusagia."

Sikulia. Nilivua viatu,
nikaingia mpaka magotini.
Tope lilikuwa vuguvugu,
kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Usiku, nyumba ya wageni, daftari:
Jina. Utokako.
Nikaandika neno lile lile mara mbili.
Mhudumu akasoma, akaniangalia,
akachukua kalamu
anisahihishe.