Mara Tatu, Kisha Kimya

Mimi ndiye niliyeshika majedwali.
Mpimaji wa mgodi, miaka kumi na tisa,
Silesia, chini ya mji ambao nyumba zake zimepinda
kwa kuwa tuliula udongo uliozibeba.
Siku ya kumi na moja baada ya paa kuanguka
nilijumlisha hewa, maji, gesi, joto la mwamba,
nikaandika chini kabisa: haiwezekani.
Nikapiga mstari kwa rula.

Ndipo akaja Róża Pyka, mwendesha winchi,
theluji mabegani,
akasema amesikia bomba la maji likigongwa.
Mara tatu, kisha kimya.
Mara tatu, kisha kimya.

Tulimsikiliza kama asikilizwavyo mfiwa,
kwa upole, bila kusikia.
Mkurugenzi akamvutia kiti.
Nikamweleza kwamba mwamba ukipoa hulia,
mbao zikibanwa hulia,
na sikio lenye mtu chini ya ardhi
husikia linachokitaka.
Alojzy, mdogo wake, alikuwa kule chini.
Ndiyo maana hatukumwamini.

Akaniuliza: "Mwamba unajua kuhesabu?"

Usiku ule sikulala.
Sikuwa nimeanza kuamini, msinielewe vibaya.
Nilikuwa naigeuza tu ile namba.
Tuseme ni moja kwa elfu.
Sifuri haina mtu ndani yake;
hii moja ina Alojzy, na buti zake,
na deni lake la baiskeli.
Na hiyo elfu yenyewe niliitoa wapi?
Humo mlikuwa na mashimo tuliyoyaziba kwa zege
kabla mtu hajaenda kutega sikio.
Hao nao tuliwaandika wafu,
kwa kuwa hatukuwatafuta.

Nilizoea kusema haiwezekani
pale nilipomaanisha sijaona.

Lakini wiki ile ile alikuja mzee mmoja wa Opole
na pete iliyofungwa uzi,
akaining'iniza juu ya ramani, ikayumba,
akasema kijana yu hai.
Tulimpa chai, tukampa nauli.
Pete ile ingeyumba vivyo hivyo juu ya shimo tupu.
Bomba, hapana. Bomba lilikuwa kimya siku kumi.

Sita walijitolea kuchimba.
Nilisaini, na mkono ulitetemeka,
maana paa lile lingeweza kuwala na wao.
Usiniambie lisemwalo lipo;
mengi husemwa, hayapo, na hayaji.
Nilisaini kwa sababu niliona mtu gizani
akigonga, akipumzika, akigonga,
akitungoja tumalize kupiga mistari.

Siku nne.
Tulikuta bomba limepasuka,
na kofia ya chuma imenasa kwa mkanda wake chini ya ufa.
Ilijaa maji, ikainama, ikamwaga,
ikapiga bomba mara tatu ikirudi,
ikatulia ijae tena.
Naam, Róża. Unajua kuhesabu.

Alojzy alikuwa mita mbili mbele.
Daktari alisema ni tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa sahihi.
Mkurugenzi alinipiga bega kama mtu aliyeshinda kitu,
nami nikatamani kuoga.
Róża aliifungua kofia, akamwaga maji yaliyobaki,
akasema, "Basi, sasa najua,"
akaenda nayo nyumbani kwa miguu.

Mwaka uliofuata, shimo jingine, mtu mwingine
alisema amesikia kitu.
Wakaniletea majedwali.
Niliomba kwanza wanipeleke kwenye bomba.

Sasa nimestaafu. Bomba la jikoni linavuja.
Truda ananikumbusha kila siku nibadilishe mpira,
na nitaubadilisha.
Ila usiku likidondoka naamka,
nahesabu: moja,
mbili,
na ile ya tatu ikichelewa
nakaa kitako, nimebana pumzi.