Gasketi ya Pijo

Asubuhi za Julai, Tacuarembó, nyasi nyeupe kwa sakitu,
Pijo ya marehemu iliamka na mlio huu:
tik, tik, tik, tik,
kama cherehani ya mtu anayeshona kwa hasira.
Nikifika kwa akina Olivera, mlango wa kwanza wa jibini,
mlio umekwisha. Chuma kimepata moto,
kimejitanua, kimeziba ufa wake chenyewe.
Nami nasema, haya, imepona.
Gari la zamani lina njia zake za kudanganya.

Aparicio alishikilia kuwa ni vali.
Miaka miwili: "Vali tu hizo, Nélida, ziache zipige kelele."
Akafa Mei. Akaniachia vali, jibini na deni la saruji.

Wiki tatu niliendesha vioo vimefungwa, baridi ile,
kichwa kikigonga, macho yakichuruzika,
kichefuchefu kila nikipanda mlima.
Nikajiambia: kumbe ujane ndio huu.
Sikumwambia mtu.
Nani humpelekea fundi majonzi?

Ledesma aliinama dirishani kupokea jibini yake,
akavuta pumzi moja, akarudi nyuma.
Hakusema pole.
"Shuka," alisema. "Shuka, mama, utakufa humu."

Pijo ikalala kwake, ipoe.
Alfajiri akaiwasha, akanipa kitambaa kilichokunjwa mara nne:
"Ziba bomba la moshi kule nyuma, sekunde chache tu."
Injini nzima, ukiiziba, hukohoa, hutaka kuzima.
Hii haikujali.
Ilikuwa na pengine pa kupumulia.

Pale: baina ya manifoldi na kichwa cha injini,
mbele ya silinda ya tatu,
masizi yamechora ulimi mweusi, mkavu, laini kama wanja.
"Fuata masizi," alisema. "Moshi haujui kuficha nyayo."

Nati zilinyweshwa mafuta siku mbili,
na bado moja ilikatika na stadi yake,
na Ledesma akatukana kwa Kireno.
(Mafundi wa karibu na mpaka
huweka akiba ya matusi upande wa pili.)
Akaipasha moto hadi ikawa nyekundu,
akaishika kwa koleo, akaingoja ikubali.

Gasketi ilitoka vipande vipande,
ukoko wa chini ya sufuria.
Kukwangua akaniachia mimi.
"Lowesha kwanza. Usipulize. Vumbi la gasketi za kale
likiingia kifuani halitoki."
Nilikwangua saa nzima, kitambaa kibichi usoni,
hadi chuma kikaonekana kama siku kilipozaliwa.
Akalaza rula, akamulika tochi nyuma yake.
Nuru haikupita.

Gasketi mpya ilikuwa nyepesi mkononi.
Kitu chembamba hivyo!
"Anza nati za katikati, nenda pembeni,
kidogo kidogo, kwa zamu.
Usiimalize moja kabla hujazisalimu zote."

Ilipowaka nilisikia kuku wa jirani.

Kufika Ijumaa kichwa kilikuwa kimeacha kuuma.
Nilikasirika, sifichi.
Wiki tatu nimemlilia mume,
kumbe nusu yake ni gasketi.
Nikangoja na machozi nayo yaishe.
Yalipungua. Hayakuisha.
Mlima uleule, kioo wazi, hewa safi ya kukata masikio,
na bado yalikuja, machache,
na hayo nikajua si ya gari.

Kilomita mia baadaye nilirudi, kama alivyoniagiza.
Chuma kikishapata moto na kupoa hukaa upya.
Ledesma akashika spana, akazipitia zote, injini baridi.
Nyingi hazikusogea.
Ile ya tatu ilikubali robo mzunguko.
"Ni kawaida," alisema, akinifungia boneti.
"Na vali?"
"Vali zilikuwa nzima siku zote."